Breki za Fundi Sylus

Watu wa Voi wakitaka kumsifu fundi husema ana mkono. Sylus Mghanga walisema ana sikio. Gari likiwa na ugonjwa ambao mafundi watatu wameshindwa kuujua, dereva aliambiwa, "Peleka kwa Sylus aisikize." Sylus alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye injini inayonguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Baada ya muda alisema, "Beringi ya pili hii," au, "Injini haina neno, ni mtu amekudanganya." Nimeuza spea kando ya gereji yake kwa miaka kumi na sita, na sikuwahi kuona gari likirudi kwa sababu Sylus alisikia vibaya.

Mimi ni Mutindi. Wengi huniita Mama Shanice, na wengine huniita majina ambayo hawayasemi mbele yangu, kwa kuwa nina mdomo. Nakiri. Mteja akishika plagi yangu nusu saa bila kununua namwambia aende akaioe. Lakini kwa Sylus nilikuwa na adabu, na wanaonijua wanajua adabu yangu haipatikani ovyo. Alikuwa mtu wa kazi. Hakuwa na maneno ya kujipamba, hakuwahi kumwambia mtu kitu kimeharibika kumbe kizima, na kila jioni alikuwa akifuta spana zake moja moja kabla ya kuzipanga kwenye sanduku.

Alishuka Voi kutoka Mghange, kijiji cha mlimani, akiwa na miaka kumi na saba. Kule juu, asubuhi za Julai, ukungu huingia mpaka jikoni, na shamba la baba yake lilikuwa vipande vya matuta ambavyo wana saba wasingeweza kugawana bila kugombana. Sylus hakupenda ugomvi. Alikuja kwa fundi mmoja Mkamba aitwaye Makau, aliyetengeneza mageti na ekseli za mikokoteni, mzee mwenye matusi mengi na moyo mzuri. Kutoka kwenye mageti akaingia kwenye bodi za malori, kutoka kwenye bodi akaingia kwenye injini. Akamwoa Tryphena, ambaye alibaki mlimani na maharagwe, ndizi na ng'ombe wawili. Kila Jumamosi alasiri Sylus alipanda nyumbani, Jumapili akaimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao, na Jumatatu kabla jua halijachoma alikuwa ameshafungua gereji. Ndivyo alivyoishi zaidi ya miaka thelathini, na lau si lile gari nisingekuwa na la kusimulia.

Kila mwaka huja magari ya mashindano kuelekea upande wa Kasigau. Ni mbio za nyikani, mahali pasipo na barabara, na pesa zake huchangia ua wa umeme wa kuzuia ndovu wasimalize mahindi ya watu. Magari hayo huja yakiwa yameng'aa na mengine huvunjika kabla hata ya kuanza, na yakivunjika huletwa Voi. Mwaka mmoja Sylus alifanya kazi kutwa nzima kwenye gari la bwana mmoja wa Nairobi, akaichomelea vizuri ekseli iliyopasuka, kiasi kwamba ungetafuta mshono kwa kidole. Yule bwana akapiga simu palepale mbele yetu. "Nimepata mtu hapa amenifungiafungia," akasema. "Nikifika Nairobi nitatafuta fundi."

Mimi nilitaka kumrushia betri. Sylus alinawa mikono tu. Lile gari lilimaliza mbio, na yule bwana hakurudi hata kusema asante. Lakini neno lile lilimkaa Sylus rohoni. Miezi ilipita, nikamsikia akilisema peke yake huku akikaza nati: "Amenifungiafungia." Siku moja akaja kwenye kaunta yangu akiwa amekunja karatasi ya sukari ambayo ndani yake amechora gari.

"Mama Shanice," akasema, "nataka kupeleka gari yangu huko. Kila kitu kwa mkono wangu. Ikivunjika, waseme ni Sylus. Ikikosa kuvunjika, pia waseme ni Sylus."

Hakutaka kombe. Hata hakuuliza kama kuna kombe. Alitaka kazi ya mkono wake ijaribiwe mahali pagumu, mbele ya watu wale wale, na isimwangushe. Hilo tu ndilo alilotaka, na sijawahi kumwona akitaka kitu kingine kwa ajili yake mwenyewe.

Tulilijenga kwa miezi kumi na minne. Nasema tulilijenga, ingawa kazi yangu ilikuwa kutafuta vipande na kugombana na waliokuwa navyo. Chesisi ilikuwa ya Land Rover kuukuu iliyokuwa ikiota nyasi karibu na Mwatate. Injini ilitoka kwenye pikapu iliyobingirika. Viti vilikuwa vya matatu. Mabomba ya kulinda kichwa aliyapinda mwenyewe, akiyapasha moto na kuyasikiliza yakilia. Vitu vingine vyote alikubali vya mtumba, isipokuwa vya breki. "Gari inaweza kukosa kila kitu," aliniambia, "lakini si breki." Breki peke yake zilimchukua wiki tatu.

Aliyelipa gari jina ni mdogo wangu Mwangangi. Yeye ni kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka thelathini na moja, na aliendesha bodaboda pale stesheni ya treni. Siku ya kwanza ya kulijaribu, lilipanda rundo la mawe kwenye timbo bila kusita, na Mwangangi akacheka mpaka akakaa chini. "Hii si gari," akasema, "hii ni mbuzi!" Basi likawa Mbuzi. Mwangangi ndiye angekuwa mkimbiaji wetu, maana katika mbio hizo kila timu huwa na mtu wa kutembea kwa miguu, anatafuta njia kati ya mawe na kumwelekeza dereva. Miguu ya ndugu yangu haikujua kuchoka. Sylus angeendesha. Mimi ningekaa kando yake na ramani, kwa kuwa sikukubali kuachwa.

Miezi miwili kabla ya mbio niliona kitu. Sylus alikuwa ameacha kuweka bisibisi sikioni. Sasa aliuma mpini wake kwa meno, ncha ikiwa kwenye injini, na macho amefumba kama kawaida. Watu wakacheka, wakasema mzee ameleta mbwembwe za uzeeni. Nami nikacheka nao.

Halafu siku moja nilikuwa nimempa mgongo, napanga beringi kwenye rafu, nikamuuliza anataka namba ngapi. Kimya. Nikageuka nikauliza tena, akajibu mara moja. Nikageukia rafu, nikauliza jambo lingine. Kimya. Mara ya tatu, Mungu anisamehe, nikasema nikiwa nimempa mgongo, "Fundi, gereji yako inaungua." Nilipogeuka nilimkuta amesimama vilevile, anachokoa grisi kwenye kucha.

Kisha mengine yote yakaja yenyewe. Bisibisi aliiuma ili mtetemo wa injini umfikie kupitia mifupa ya taya. Alikuwa anacheka nyuma ya wenzake, baada ya kuona wameanza. Alikuwa akikaa mahali anapoona nyuso za watu. Simu hakupokea tena, alisema, "Nitumie meseji." Na Tryphena, aliposhuka sokoni, alikuwa amenilalamikia kwamba mume wake ameacha kwaya. Alimwambia ni kifua. Tryphena alikuwa na hofu kwamba labda amerudi nyuma kiimani, akaniomba nimchunguze kama anakunywa. Hakuwa anakunywa. Hakuwa anawasikia wenzake wanaoimba, na aliogopa kuwaharibia wimbo. Miaka thelathini ya nyundo na grainda ilikuwa imemla masikio, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Sasa nilijua na mimi.

Nilinyamaza. Mtu akiniuliza kwa nini, naweza kusema nilimhurumia, kwamba fundi ambaye jina lake ni sikio hawezi kutangaziwa uziwi na mwanamke wa dukani. Hiyo ni kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na ilikuwa na nguvu kuliko hiyo. Nilitaka kwenda kwenye mbio. Nilikuwa nimeshachapisha fulana. Nilijiambia kwamba Sylus anasoma midomo vizuri kuliko wengi wanavyosikia, kwamba nitakuwa kando yake, kwamba ni siku moja tu. Hata ndugu yangu sikumwambia.

Siku yenyewe ilianza vizuri mno. Magari yalikuwa kumi na tisa, na Mbuzi ndiye pekee aliyepakwa rangi kwa brashi. Fulana zetu zilikuwa zimeandikwa "Timu Mbuzzi", zedi mbili, na kijana aliyezichapa nitaonana naye. Timu kubwa zilikuwa na redio za kuvaa masikioni na filimbi shingoni. Sisi tulikuwa na helmeti za kuazima na mdomo wangu. Sylus aliwasalimia akina mama wa Kasigau kwa Kidawida, lugha ya kwao, wakapiga vigelegele walipojua gari limetoka Voi. Mmoja wao, mama aliyeitwa Rachel, alituambia ndovu walikuwa wamepita shambani kwake juzi na hawakumwachia hata bua. "Nendeni mtuletee huo ua," akasema, kana kwamba tungerudi nao begani.

Vituo vinne vya kwanza Mbuzi alivimaliza bila kikohozi. Tulipita gari moja lililokuwa likitoa mvuke, na dereva wake amekaa juu ya jiwe. Tukapita la pili. Sylus aliinua mkono kuwasalimia, kisha akanigeukia uso mzima ukiwa vumbi. "Hii haikufungwafungwa!" akapiga kelele. Sijapata kumwona na furaha ile, na mimi pia nilifurahi, nilifurahi mpaka nikasahau nilichokuwa nakijua.

Hapa lazima nieleze tulivyokuwa tukielekezana. Mwangangi alipotaka Sylus alegeze breki ili gari litambae kidogo, alisema, "Wachia." Alipotaka asimame, alisema, "Wacha." Hatukukaa chini kuyachagua maneno hayo. Ndivyo watu wanavyosema kwenye gereji zetu kila siku, gari likisukumwa, likishushwa jeki, likirudishwa nyuma. Lugha nzima ilikuwa mbele yetu. Tungeweza kusema "simama", tungeweza kusema "shika", tungeweza kununua filimbi. Tukaenda na maneno mawili yaliyotenganishwa na herufi moja.

Kabla ya kituo cha tano kulikuwa na korongo kavu. Mbuzi alishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, na akiwa karibu kutoka, gurudumu la nyuma kushoto likazama kwenye shimo. Gari likasimama limeinua pua, injini ikivuma, Sylus amekanyaga breki. Mwangangi akaenda nyuma kujaza mawe. Alitaka gari lirudi kidogo tu, gurudumu likae juu ya jiwe, ndipo lisukume. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika jiwe, kwa hiyo hakuweza kuashiria.

"Wachia!" akaita.

Sylus alikuwa akimtazama kwenye kioo cha pembeni. Akalegeza. Gari likarudi kama shubiri moja, likalikalia jiwe, na jiwe likageuka. Mguu wa Mwangangi uliteleza ukaingia kati ya jiwe na ukingo.

"Wacha!" akapiga kelele. "Wacha! Wacha!"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nilikaa nikingoja Sylus akanyage, kama ambavyo ungengoja mtu yeyote mwenye masikio. Ulikuwa muda wa kumeza mate. Nilipomgeukia nikaona macho yake yako kwenye kioo, yanautazama mdomo wa ndugu yangu, na mguu wake unainuka kutoka kwenye breki taratibu, kwa uangalifu, kama alivyoambiwa. Nilimpiga begani kwa ngumi. Akakanyaga kwa nguvu zake zote. Magurudumu yaliganda, lakini gari lilikuwa limeshapata mwendo juu ya changarawe, likateleza nayo mpaka chini.

Sitasimulia tulivyomtoa. Timu ya wale wa redio iliita gari la wagonjwa, na walitusaidia kwa moyo wote, siwezi kuwasema vibaya. Hospitalini madaktari walijitahidi siku mbili. Siku ya tatu walimkata mguu chini ya goti.

Alipoweza kuzungumza, tukiwa sisi wawili tu, ndugu yangu aliniuliza, "Mzee hasikii, ama?"

"Hasikii," nikasema.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema nilijua. Mwangangi akageuzia uso ukutani, na siku hiyo hakusema nami tena, wala siku iliyofuata. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikimtazama kisogo. Nilimbeba mgongoni mtoto huyu mama alipokwenda shamba. Aliponigeukia hatimaye, hakutaja habari yangu. "Usimwambie," alisema. "Yeye anafikiria ni breki, nilimsikia akisema kule korongoni. Ukimwambia ni masikio utakuwa umemmaliza."

Ni kweli Sylus alifikiri hivyo. Alikuja na Tryphena, wamebeba ndizi, akasimama miguuni pa kitanda ameshika kofia. "Kijana," akasema, "uliniambia wachia, nikawachia. Halafu nikakanyaga, breki ikakataa kushika. Ni mkono wangu huo umekukata mguu. Sijui nikuombe msamaha wa aina gani."

Tryphena alikuwa analia. Mwangangi alisema, "Ni bahati mbaya, mzee," akitazama darini. Nami, mwenye mdomo unaojulikana mji mzima, sikufungua kinywa.

Sylus alisema hivyo kila mahali. Alisema kanisani Mghange, amesimama mbele ya watu. Alimwambia kila dereva aliyemletea gari: kabla hujaniachia funguo, jua kwamba breki nilizotengeneza zilimlemaza mtu. Basi wakaanza kupeleka magari yao kwingine, kwanza mmoja mmoja, kisha wote, na yeye aliwaambia wamefanya vyema. Alimvuta Mbuzi mpaka uani, akampandisha juu ya mawe, akaanza kufungua breki kutafuta kosa. Alifungua ngoma za chuma za magurudumu, silinda, mabomba, kila kitu. Alipima, alinusa mafuta, alipitisha kidole ndani ya kila mpira. Hakuona kitu. Akazifunga. Kesho yake akazifungua tena.

Miezi mitatu. Kila asubuhi nilipokuwa nikifungua duka nilimwona amekaa kwenye gunia, breki zimetandazwa mbele yake juu ya karatasi, anaanza upya. Alikonda. Jumamosi zingine hakupanda nyumbani. Nilimpelekea chai, akashukuru, ikapoa ikaota ngozi juu. Usiniulize nilikuwa nalalaje. Nilimwona mtu akitafuta kosa mahali ambapo mimi nilijua halipo, na nikaendelea kuuza plagi.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Nilimletea chai kama kawaida, akaniashiria nikae.

"Mama Shanice," akasema, "yale mafuta ya breki ulinipa, hayakuwa ya zamani?" Kabla sijajibu akatikisa kichwa. "Hapana. Nisikusingizie. Mafuta yalikuwa mazuri. Ni mkono." Akaviangalia vile vyuma. "Kesho nauza vyombo. Kuna mtu atakuja kutoka Taveta kuchukua. Fundi ambaye hawezi kuona kosa lake liko wapi, huyo si wa kuachiwa gari ya mtu. Yule wa Nairobi alinijua mapema. Mimi ni wa kufungafunga tu."

Laiti ningesema nilichofanya nilikifanya kwa upendo. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia yule bwana wa Nairobi, nikajikasirikia mimi kuliko wote, na hasira ikafungua mdomo.

"Hakuna kosa!" nikasema. "Breki hazina kosa!"

Alitazama midomo yangu. "Ilikataa kushika. Mwangangi alisema wachia—"

"Hakusema wachia! Alisema wacha!"

Sylus akakunja uso, akasogea karibu. "Ndiyo," akasema. "Wachia. Ndivyo alisema."

"Wacha!"

"Ndiyo. Wachia."

Nilipaza sauti zaidi. Kando yetu Mutiso, fundi wa madirisha, alikuwa akikata chuma, na nilikuwa nashindana na grainda yake. Akanitazama, akaizima. Yule wa matairi naye akazima mashine ya upepo. Katika ule ukimya nilisimama katikati ya ua, mwanamke mzima, nikamlilia mtu aliye hatua moja mbele yangu, "Wacha! Alisema wacha, fundi! Wacha!" Barabara nzima ilisikia. Wenye magari, wanaouza maji, wote walijua sasa. Ndivyo siri ya masikio ya Sylus ilivyotoka, na yeye peke yake ndiye ambaye hakuipata.

"Wachia," akasema polepole, akinisaidia, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa. "Nimekubali, mama. Wachia."

Kwenye sanduku lake kulikuwa na ile chaki ya kuwekea alama kwenye chuma. Niliichukua, nikapiga magoti, nikaandika juu ya ngoma ya breki iliyokuwa mbele yake, herufi kubwa kadiri ilivyoweza kubeba: WACHA.

Sylus alilisoma. Alilisoma tena, midomo ikitembea. Kisha akanyoosha kidole cheusi cha grisi, akakiweka kati ya H na A, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Alipoinua kichwa hakunitazama mdomo, alinitazama machoni. "Wewe ulimsikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mambo ya masikio yangu, ulijua kabla?"

Nikaitikia tena. Nilikuwa nalia, na sikuona haya wala sikustahili kufutwa machozi na yeyote. Sylus hakunifuta. Alitazama uani, akawaona Mutiso na wa matairi na wengine wamesimama, hakuna anayefanya kazi, na nadhani ndipo alipojua kwamba wote wamesikia kilichomchukua yeye miezi mitatu kukipata.

"Basi breki zilikuwa nzima," akasema.

Alisema kwa sauti kubwa sana, kama wasemavyo watu wasiosikia sauti zao wenyewe, nayo ikafika mpaka ng'ambo ya barabara. Akafuta mikono kwa kitambaa, akavuta gunia karibu na gurudumu, akaanza kuzifunga. Nilikaa chini kando yake nikawa nampa nati moja moja mkononi, na hakuna aliyewasha mashine mpaka akamaliza.